Somo: Kumeza dawa za kushusha kinga baada ya kupandikizwa kiungo

Ndugu zangu, huu ni mwaka wa saba naishi na figo ya kupandikizwa. Waliotoka hospitali juzi huniuliza lile lile: nitazimeza mpaka lini? Maadamu kiungo kinafanya kazi, unameza, ili kinga ya mwili isikikatae. Mwaka 1954 kule Boston, Joseph Murray na wenzake walipandikiza figo ikakubali bila dawa hizi, kwa kuwa mtoaji na mpokeaji walikuwa mapacha wa kufanana. Sisi wengine pacha hatuna, tuna vidonge.

Hatua ya 1: Zijue kwa majina. "Kile cheupe kidogo" si jina. Wengi tunatumia takrolimasi au siklosporini, pamoja na maikofenoleti au azathioprini, na mara nyingi prednisoloni. Takrolimasi ina aina ya kumeza mara mbili kwa siku na aina inayotoka polepole, ya mara moja. Hizo hazibadilishani. Ukipewa boksi usilolizoea, usiondoke dirishani kabla hujauliza.

Hatua ya 2: Shika saa. Mimi ni saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, kengele ya simu inalia hata nikiwa msibani. Kama umezoea kumeza kabla ya kula, iwe hivyo kila siku. Ukisahau, usimeze dozi mbili kwa pamoja kufidia. Waombe wanaokuhudumia wakuandikie mapema: nikichelewa saa ngapi nimeze, na ngapi niiruke.

Hatua ya 3: Siku ya kupima damu. Hapa niliwahi kuharibu. Kinachotafutwa ni kiwango cha dawa kikiwa chini kabisa, yaani muda mfupi kabla ya dozi ya asubuhi. Mwaka wa kwanza niliamka alfajiri, mkono ukaenda wenyewe kwenye kiboksi cha dawa, nikameza. Maabara nikatoa damu, nikanyamaza. Majibu yakaonyesha dawa imezidi, dozi ikashushwa. Baada ya siku chache kreatinini, yaani taka ya kwenye damu ambayo figo huichuja, ikaanza kupanda, ndipo nikakiri. Siku hizi usiku wa kuamkia kipimo nabandika plasta juu ya kijumba cha asubuhi. Dozi yenyewe naiweka mfukoni, naimeza nikishatolewa damu, pale pale kwenye benchi.

Hatua ya 4: Ogopa dawa za pembeni. Kwa maoni yangu hatari hii ni kubwa kuliko kusahau dozi moja, maana aliyekuandikia anaweza asijue umepandikizwa. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha sana takrolimasi mwilini. Flukonazoli ya fangasi na klarithromaisini ya bakteria huipandisha. Ibuprofeni na diklofenaki za maumivu huumiza figo. Balungi, tunda na juisi yake, liache kabisa. Mitishamba vilevile, hata ikisifiwa vipi. Chanjo zenye virusi hai, kama za surua na homa ya manjano, kwa kawaida hatuchomwi. Sema "nimepandikizwa" kabla hujasema kinachokuuma.

Hatua ya 5: Usisubiri kesho. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, mkojo kupungua, miguu kuvimba, maumivu pale kiungo kilipo: piga simu siku hiyo hiyo.

MASWALI

*Nimetapika muda mfupi baada ya kumeza. Nirudie?*
Inategemea zimepita dakika ngapi, na kila kliniki ina mwongozo wake, kwa hiyo wapigie. Kuhara nako usikudharau: mtu akiharisha, takrolimasi inaweza kupanda kwenye damu ingawa dozi ni ile ile.

*Kaka, mikono inatetemeka, hata uzi kwenye sindano siutii. Nipunguze?*
Hapana, dada yangu. Takrolimasi hufanya hivyo, hasa ikizidi. Omba wakupime kiwango, na atakayepunguza ni daktari.

*Mimi na mume wangu tunatamani mtoto. Natumia maikofenoleti.*
Usishike mimba ukiwa bado unaitumia, maana husababisha mimba kuharibika na watoto kuzaliwa na kasoro. Inatakiwa iachwe angalau wiki 6 kabla, na mara nyingi azathioprini hushika nafasi yake. Endelea na uzazi wa mpango mpaka daktari aseme sasa. Wapo waliojifungua salama wakiwa na figo za kupandikizwa.

*Miaka minne majibu yangu ni mazuri. Tangu wiki iliyopita nameza nusu, na sijisikii vibaya.*
Mzee wangu, majibu ni mazuri kwa sababu unameza. Mwili ukianza kukataa figo, huenda usisikie chochote, kreatinini ndiyo hupanda kwanza. Wapigie leo, usingoje tarehe ya kliniki. Waambie ulianza kupunguza siku gani, dawa ipi na kwa kiasi gani, hata kama watakufokea. Na prednisoloni usiikate ghafla kwa hali yoyote.