Jinsi ya Kukinga Kiungo Kilichoumia Kisigongwe Mpaka Kipone

Mtu akivunjika kidole cha mguu hushangaa: kidole ambacho hakikugongwa mwaka mzima, sasa kinagongwa asubuhi, mchana na usiku. Huo si mkosi. Kiungo kilichovimba kimetanuka kuliko mwili ulivyozoea, unakitembeza kwa namna ngeni, na miguso midogo ambayo zamani hukuitambua kabisa sasa inauma.

Kazi yangu ni fiziotherapia. Wengi hunijia wakiwa wamezungushia bendeji juu ya bendeji, wakiamini kwamba unene huo ndio kinga. Bendeji laini hubana uvimbe na kushikilia shashi mahali pake, basi. Ukingo wa meza ukigonga hapo, maumivu yanafika palepale. Kinachozuia pigo ni nafasi tupu kati ya jeraha na kitu kinachokuja, pamoja na kitu kigumu cha kuilinda nafasi hiyo. Karibu kila hatua hapa chini ni njia mojawapo ya kuipata hiyo nafasi.

Nachukulia kwamba umeshaonwa na daktari na unajua umeumia nini. Kama bado, anzia huko.

Hatua ya 1: Jua unakinga nini, na hadi lini

Muulize aliyekutibu maswali matatu: naruhusiwa kukanyagia au kubebea kitu? Naruhusiwa kukunja? Kinga naweza kuivua nikioga au nikilala? Majibu hutofautiana kuliko watu wanavyodhani. Mwenye kidole cha mkono ambacho ncha yake imelala kwa sababu kano ya kuinyoosha imekatika hufungwa banzi (kipande kigumu cha kukishikilia kinyooke) kwa wiki 6 hadi 8, na katika muda huo ncha ile haipaswi kukunjwa hata mara moja, wala wakati wa kuosha. Ikikunjwa, hesabu inaanza upya. Mwenye kifundo cha mguu kilichoteguka kidogo, kwa upande wake, mara nyingi huambiwa aanze kukisogeza mapema.

Kuhusu muda, mfupa wa kidole kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6, wa kifundo cha mkono wiki 6 hivi au zaidi, na wa muundi miezi 3, 4 na kuendelea. Ngozi ndiyo inayodanganya. Nyuzi zikitolewa jeraha linaonekana limefunga, lakini kovu changa lina sehemu ndogo tu ya nguvu za ngozi ya awali. Baada ya miezi 3 hivi hufikia takriban asilimia 80, na haliendi mbali zaidi ya hapo. Kwa hiyo siku ya kutoa nyuzi si siku ya kuacha kinga.

Hatua ya 2: Rekebisha nyumba kabla ya kutafuta vifaa

Kaa chini upitishe siku yako nzima kichwani, tangu unapoamka. Ajali ndogondogo hutokea mahali palepale: safari ya chooni usiku, kuvaa suruali, mlango wa gari, kugeuka jikoni, mtoto anayekurukia ukiwa umekaa.

Ondoa zulia dogo linaloteleza na nyaya zinazokatiza njia. Sogeza meza fupi ya sebuleni hadi ukutani, maana urefu wake ni sawasawa na muundi. Weka taa unayoifikia kwa mkono mzima bila kuinuka kitandani. Vitu vya kila siku viwe kati ya kiuno na bega, upande wa mkono mzima. Kama ni mguu, usitembee peku ndani hata kwa hatua tatu. Viatu vyenye soli ngumu na pua pana huokoa vidole kuliko plasta yoyote.

Bafuni weka kiti imara na mpira wa kuzuia kuteleza. Bendeji au hogo (lile ganda gumu linalofungwa kwenye mfupa uliovunjika) lifunikwe kwa mfuko wa plastiki usiotoboka, mdomo wake ubandikwe kwa utepe juu ya sehemu kavu ya ngozi, kisha kiungo kikae nje ya maji. Mfuko hupunguza maji tu, hauyazuii kabisa.

Hatua ya 3: Tengeneza gamba

Hii ndiyo hatua inayorukwa zaidi. Inafaa kwa jeraha dogo lililo juu ya mfupa: kiwiko, goti, muundi, mgongo wa kiganja.

Chukua sponji nzito ya unene wa sentimita 1 hadi 2. Kata duara, kisha toboa katikati tundu linalozidi jeraha kwa upana wa kidole kila upande. Jeraha likiwa tayari limefunikwa kwa shashi safi, weka duara hilo ili tundu lilizunguke. Juu ya sponji laza kipande cha plastiki ngumu kilichopinda kufuata umbo la kiungo, kingo zake zikiwa zimeviringishiwa plasta ili zisichome. Fungia vyote kwa bendeji ya kunyumbuka, bila kuivuta sana.

Sasa jaribu. Bonyeza katikati ya plastiki kwa kidole. Ukisikia jeraha, sponji ni nyembamba au tundu ni dogo. Usipohisi chochote, uzito wa pigo unakwenda pembeni kwenye nyama nzima, na hapo gamba linafanya kazi.

Onyo moja: usitumie duara la namna hii chini ya kidonda cha kulaliwa (kile cha kulalia upande mmoja muda mrefu), au kama mto wa kukalia kwa mgonjwa asiyesogea. Linabana mishipa ya damu pembeni mwa kidonda na kuzidisha tatizo.

Kwa kidole kilichovunjika bila mfupa kuhama, jirani yake ndiye banzi. Weka shashi kavu kati ya vidole viwili ili ngozi isichubuke kwa jasho, kisha uvifunge pamoja kwa plasta, juu na chini ya sehemu inayouma, maungio ya kukunjia vidole yakiwa huru. Usifunge kidole cha kati na cha pete kama pete bado imo. Pete zote za mkono ulioumia zivuliwe siku ile ile, kabla uvimbe haujakuzuia.

Waliofungwa hogo la jasi wajue kwamba linachukua siku 1 hadi 3 kukauka kabisa hata kama juu limeshakuwa gumu. Muda huo lilaze juu ya mto, kamwe si juu ya ukingo mgumu, na ulishike kwa viganja badala ya ncha za vidole. Bonyeo la leo hugeuka kuwa kidonda cha ndani wiki ijayo.

Hatua ya 4: Panga usingizi

Ukilala huna ulinzi wa akili, kwa hiyo mwili uzuiwe na mito. Mkono ulioumia uweke juu ya mto kando ya kifua, ukiwa juu kidogo ya moyo, na mto mwingine nyuma ya mgongo ili usijiviringishe. Mguu uinuliwe kwa mto ulio chini ya shavu la mguu, goti likunjike kidogo, na kisigino kining'inie bila kugusa chochote. Kisigino kilicholazwa juu ya godoro usiku kucha huota kidonda upesi.

Kwa wanaoumizwa na shuka lenyewe, na wapo wengi, boksi la karatasi ngumu lililotolewa upande mmoja linatosha. Liingize chini ya mablanketi upande wa miguuni, mguu ukae ndani yake, mablanketi yapite juu. Sijaona kifaa cha bei kinacholishinda.

Mwenzi wako alale upande wa kiungo kizima. Paka na mbwa walale chumba kingine.

Hatua ya 5: Waonyeshe watu

Usifiche jeraha chini ya sweta. Bendeji ya rangi kali au mkono uliofungwa kwa kitambaa shingoni huwafanya watu wakupishe bila kuambiwa. Kitambaa hicho kishike kiganja kikiwa juu kidogo ya kiwiko, na fundo likae kando ya shingo, si juu ya mfupa wa uti.

Kwenye foleni au chombo cha usafiri, upande ulioumia uelekee ukutani. Ukikaa, mguu usinyooshwe kwenye njia ya watu. Watu wakikusalimia, tangulia kutoa mkono mzima kabla hawajakushika. Watoto, kwa uzoefu wangu, huheshimu hogo zaidi wakiruhusiwa kulichora.

Hatua ya 6: Kagua kila siku

Bonyeza ukucha wa kidole kinachochungulia mbele ya bendeji hadi uwe mweupe, kisha achia. Rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikichelewa, au vidole vikiwa baridi, vya bluu au vimekufa ganzi, legeza bendeji mara moja. Kama kilichobana ni hogo, au maumivu yanazidi kila saa na kuwa makali vidole vyako vinaponyooshwa, nenda hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku.

Mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asisubiri maumivu. Akague kwa macho, kwa kioo chini ya unyayo, asubuhi na jioni.

Hatua ya 7: Punguza kinga

Kinga iliyokaa mno nayo huumiza. Mkono ulioning'inizwa wiki nyingi bila kusogea huacha bega gumu ambalo matibabu yake yanaweza kuwa marefu kuliko ya mfupa wenyewe. Tangu siku za mwanzo, sogeza kila kiungo ambacho hukukatazwa: vidole, kiwiko, bega.

Ukiruhusiwa kuvua, anza ukiwa umekaa nyumbani, gamba likibaki kwa ajili ya matembezi na usingizi. Mwishowe libaki kwa mahali penye msongamano tu.

Ikiwa ngozi imefunga lakini haivumilii hata kuguswa na nguo, izoeshe. Isugue taratibu kwa pamba kwa dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Ukiivumilia, hamia kitambaa laini, halafu taulo. Mguso uwe wa kusumbua kidogo, usiwe wa kukufanya uutoe mkono. Kama badala ya kutulia eneo linaungua, linabadilika rangi, linatoka jasho kuliko upande wa pili au linavimba bila sababu, acha zoezi na umwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia wiki hiyo hiyo, kwa sababu hali hiyo hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema.