Mtutu wa shaba kwenye kifaru cha plastiki: somo kwa wanaoanza

Wakuu, wengi mmeniuliza nilivyouweka ule mtutu wa shaba kwenye modeli yangu ya Type 59, kifaru cha kivita cha Kichina ambacho jeshi letu lilikuwa nacho miaka ya 1970. Skeli ni 1/35, yaani modeli ni ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi. Nimekitengenezea mezani hapa Mtwara, na makosa yote yaliyomo humu nimeyalipia mwenyewe.

Kwanza, tazama mtutu uliokuja kwenye boksi. Ukiwa ni nusu mbili za kugandisha, mtutu wa shaba au wa alumini unastahili hela yake, maana ukisugua ule mshono kwa msasa duara linageuka yai. Ukiwa umemiminwa kipande kimoja na una tundu mdomoni, baki nao. Hela hiyo kanunulie rangi.

Hatua ya 1: pima. Mzinga wa Type 59 ni wa milimita 100, kwa hiyo kwenye 1/35 tundu linapaswa kuwa karibu milimita 2.86. Wa Tiger I, kifaru cha Wajerumani, ni wa milimita 88, tundu 2.5. Urefu wake halisi ni mara 56 ya hizo 88, yaani milimita 4928. Gawa kwa 35 unapata karibu 141, na sehemu ya urefu huo imejificha ndani ya tareti, kile kichwa cha kifaru kinachozunguka. Laza mitutu miwili, wa boksi na wa shaba, sambamba, midomo ikiwa sawasawa, kisha tia alama ya penseli kwenye ule wa plastiki pale inapoanzia ngao ya mtutu, kile kipande cha mbele ya tareti unapotokea mtutu. Usikate bado. Kanywe chai, rudi upime tena.

Hatua ya 2: kata mtutu wa plastiki, toboa ngao. Msumeno mwembamba, au wembe mpya na subira. Acha milimita moja ya ziada, imalizie kwa tupa. Tundu litobolewe kwa keekee ya mkono: anza na milimita 1 katikati kabisa, kisha 1.5, kisha 2, mpaka shina la mtutu wa shaba, ule mkia wake wa nyuma, liingie kwa kusukumwa na dole gumba. Ukianza na biti nene itahama pembeni, na tundu likishahama halirudi. Keekee ya umeme iache, inayeyusha plastiki.

Hatua ya 3: osha. Mtutu umekerezwa, una mafuta ya mashine. Sabuni ya vyombo, suuza, kausha, futa kwa spiriti. Baada ya hapo ushike kwa kitambaa. Jasho la Mtwara mnalijua.

Hatua ya 4: praima, rangi ya chini ya kushikisha, kabla ya gundi. Rangi ikipakwa juu ya shaba tupu inabanduka kwa ukucha. Mimi natumia praima ya kupuliza ya magari, na kwa kuwa ikizidi inaila plastiki, napuliza mtutu ukiwa peke yake, shina limefungwa selotepu. Tabaka jembamba mara tatu. Kuanzia Desemba hadi Aprili hewa yetu ina maji, rangi inapauka kama chokaa. Puliza mchana siku kavu, siyo jioni.

Hatua ya 5: gundi. Hapa ndipo watu wanaharibu, nami nikiwemo. Mara ya kwanza nilitumia supa gluu. Sekunde chache tu imeshika, nikainua macho: tareti inaangalia Msimbati, mtutu unaangalia Mikindani. Nikakimbilia asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Shaba ilitoka, lakini ngao ya plastiki ilikuwa uji, na alama ya kidole changu ipo mpaka leo.

Tumia gundi ya mirija miwili, ile ya kuchanganya nusu kwa nusu. Inakupa dakika kadhaa za kusahihisha. Piga shina msasa namba 400, paka kidogo, ingiza ukizungusha. Weka tareti juu ya kigae, tazama kutoka juu ukilinganisha na rula, halafu shuka utazame kutoka mbele kwa jicho moja. Tegemeza mtutu kwa kiboksi cha kiberiti, uache mpaka kesho. Wenye Tiger hakikisheni matundu ya breki ya mdomoni, kile kifundo cha ncha ya mtutu kinachotolea moshi pembeni, yanatazama kushoto na kulia. Moshi hautoki juu na chini. Mtutu wa Type 59 hauna breki hiyo, una kivimbe cha kufyonza moshi tu.

Hatua ya 6: uzito. Shaba ni nzito, tareti itainama. Gundisha chubwi ndogo ya kuvulia nyuma, ndani ya tareti. Basi.

MASWALI

Lindi mjini: Mkuu, aria ya redio mbovu haifai?
Jibu: Inafaa sana kwa mizinga yenye ngazi, ile inayopungua unene kwa hatua. Tatizo, mitutu mingi inapungua unene taratibu, aria haipungui. Kromu yake isugue kwanza, rangi haishiki. Kwa rashasha ya milimita 12.7 tumia sindano ya hospitali ya 23G: unene wake milimita 0.6, tundu karibu 0.3. Nunua mpya duka la dawa, usiokote.

Kilwa: Sisi mpingo tunao wa kumwaga, na zumari za Wazungu zinatengenezwa nao. Kwa nini nisikereze mtutu wa mpingo?
Jibu: Kwa skeli ya 1/16 ningekusapoti, kaka. Kwa 1/35 ukishatoboa tundu la karibu milimita 3, ukuta unaobaki ni mwembamba mno, utapasuka kabla hujautoa kwenye mashine.

Masasi: Kaka, mimi nimeshagandisha kwa supa gluu na umepinda. Nifanyeje?
Jibu: Dada, asetoni weka mbali! Funga tareti kwenye mfuko wa nailoni, weka kwenye friza saa kadhaa. Supa gluu ikipoa sana inakuwa kavu na dhaifu. Itoe, zungusha mtutu taratibu usiupinde, utasikia "tik". Ukigoma, irudishe ndani.