Spika za baba: pindo, wembe na kapasita za feni

Mimi ni fundi cherehani hapa Walukuba, Jinja, na umeme sijausomea popote. Lakini nilipofungua spika mbili za marehemu baba, zile ndogo za kukaa juu ya rafu, nilikuta kazi ya kwetu mle ndani: pindo lililooza, kitambaa kilichotoboka, gundi iliyoachia. Umeme ulikuwa kidogo tu, nao ulikuja mwishoni.

Baba alizinunua mwaka 1974 kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Nembo zimeng'oka, nyuma kumebaki maandishi ya ohm 8, kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme. Jumapili jioni zilikuwa zinapiga rumba ya Kongo mpaka majirani wanatoa viti nje. Kisha zikaanza kukoroma, zikawekwa chini ya kitanda, zikakaa huko miaka.

Usinunue kitu kabla ya kupima. Azima tesita ya fundi redio, uiweke kwenye ohm. Wufa, ile spika kubwa ya besi, ikiwa ya ohm 8 itasoma kama 6 hivi, na huo ndio uzima wake, usishtuke. Isiposoma chochote, koili, ule waya uliosukwa nyuma ya koni, imekatika, na hapo ni kutafuta wufa nyingine au fundi wa kusuka koili. Zangu zilisoma 6.1 na 6.3. Halafu ilaze spika chali, yaani uso juu, weka vidole vya mikono yote miwili kuizunguka koni, ile karatasi ya mbele inayotikisika, ibonyeze polepole chini sawasawa huku sikio liko karibu. Ukisikia mkwaruzo, koili inagusa sumaku. Ukimya ni habari njema.

Pima pia upande wa waya. Gusisha betri moja ndogo ya redio, ya volti 1.5, kwenye waya za wufa kwa sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Utie alama ya chaki, utaniombea dua baadaye. Twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, usiifanyie mchezo huo, koili yake ni nyembamba kama uzi wa kutarizi. Ipime kwa tesita tu.

Kabla ya kung'oa waya wowote, piga picha kwa simu. Ndani utakuta pamba ya kioo au sufi. Vaa glavu na mikono mirefu, funga leso puani, maana ile pamba inawasha siku mbili. Itoe yote na uirudishe yote. Mpwa wangu aliniambia, "Shangazi, hii si takataka tu?" Si takataka. Mmarekani Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954 kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi inaweza kufanya kazi ya springi inayorudisha koni mahali pake, na boksi za baba ni za aina hiyo, hazina tundu. Kwa hiyo pamba ina kazi, na kila ufa unaovujisha hewa lazima uzibwe.

Sasa pindo. Ule ukingo laini unaoshika koni na chuma naita pindo, na zangu zilikuwa za sponji. Sponji ya aina ile huoza yenyewe kwa miaka hata kama spika haijapigwa, na unyevu huiharakisha. Sisi tunaokaa ubavuni mwa ziwa tunalijua hilo hata kwa viatu. Nilipoigusa ilishika kidoleni kama sukari guru. Ng'oa kwa vidole, kwangua mabaki kwa wembe uliolala, kisha lainisha gundi ya zamani kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Kidogo! Koni ni karatasi, ukiilowesha inakunjamana.

Futi yako ya ushonaji inatosha kwa vipimo. Chukua upana wa chuma kutoka ukingo hadi ukingo, upana wa koni peke yake bila pindo, na upana wa ule mkunjo wenyewe. Usiende dukani ukasema "inchi nane" ukanyamaza. Pindo za inchi nane zinatofautiana kama mashati yanayoandikwa saizi moja. Mimi vipimo nilimpa binamu yangu anayepita Luthuli Avenue, Nairobi, na mzigo ukaja na basi kupitia Busia. Muuzaji alitaka kumpa za mpira kwa sababu hazioze. Ni kweli zinadumu, lakini ni nzito kuliko sponji, na koni iliyozoea pindo jepesi haitaimba vile vile. Nikasema sponji kwa sponji.

Gundi ndipo nilipoharibu. Spika ya kwanza niliibandika kwa ile gundi ya haraka ya matone, nikajisifu kwa dakika kumi. Ilikauka ngumu kama kucha, koni ikiwa imeinama upande mmoja, na sikuweza tena kuirekebisha. Pindo moja likaenda jalalani. Tumia gundi nyeupe ya maseremala, inayokupa muda wa kusogeza.

Kuweka koni katikati ndiko kunakohitaji subira. Kata kile kikofia cha katikati kwa wembe mpya, ukiacha sehemu ndogo imeshika kama mlango. Ndani utaona koili imezunguka chuma cha sumaku, na kati yao kuna nafasi nyembamba ajabu. Katika nafasi hiyo nilichomeka vipande vinne vya filamu ya eksirei ya goti la mama, kila upande kimoja, vya unene sawa, mpaka koili ikasimama bila kucheza. Bandika pindo kwenye koni kwanza, ulale. Kesho yake bandika kwenye chuma, zungushia vibanio vya nguo, uache mchana na usiku. Ukichomoa filamu, bonyeza tena kama mwanzo. Zangu zilishuka na kupanda kimya kabisa. Rudisha kikofia kwa gundi.

Kapasita, kile kifaa kinachozuia umeme wa besi usiifikie twita, nayo huzeeka, majimaji yake yakikauka. Yangu ilikuwa ya maikrofaradi 5. Usiweke ile ya duara yenye mstari wa hasi iliyotoka kwenye redio. Hapa inatakiwa isiyojali upande. Nilikwenda duka la vifaa vya umeme nikanunua kapasita mbili mpya za feni ya darini, kila moja 2.5. Ukiziunga sambamba zinajumlishwa, unapata 5. Ni kubwa na mbaya kwa sura, kwa hiyo zifunge vizuri zisigongegonge ndani ya boksi.

Vinia, ile ngozi nyembamba ya mbao iliyobandikwa juu ya boksi, ikiinuka pembeni ni kazi ya pasi. Paka gundi ile ile nyeupe pande zote mbili, iache ikauke, kisha pitisha pasi ya moto wa wastani juu ya karatasi. Joto linaiamsha gundi, inashika. Matundu ya wadudu nilijaza unga wa mbao.

Kitambaa cha mbele kila mteja wangu alishauri kitenge. Kitenge kizuri, lakini kimesukwa kwa kubanana, kinameza sauti za juu. Weka kitambaa mdomoni upulize: pumzi ikikwama, sauti nayo itakwama. Nilipata blauzi nyeusi ya mivumba, yaani mitumba, nyepesi, inayovutika, ikatosha spika zote mbili na kipande kikabaki.

Siku ya kuwasha nilianza na sauti ndogo. Muziki ulikuwepo, besi ilikuwa imekimbia, na mwimbaji alisikika huku na kule kama anayepita nyuma ya nyumba. Nikazima amplifaya, nikaangalia alama za chaki: waya za spika ya kushoto nilikuwa nimezipishanisha. Nikazigeuza. Mwimbaji akaja katikati, juu ya friji, na mama akapaza sauti kutoka jikoni nipunguze.