Kushona sketi ndefu ya baleti: ujue mwaka kwanza, mkasi baadaye

Juzi mama mmoja kaniletea picha kwenye simu, binti yake wa miaka tisa anacheza baleti na shoo yao iko karibu, anataka "lile gauni la neti". Nikamuuliza lipi mama, la 1832 au la 1950? Akacheka, akajua namtania. Wala sikuwa natania, hayo ni magauni mawili tofauti kabisa na ukikosea hapo mwanzo ujue neti yako ushaitupa. Basi leo naelekeza lile refu, cherehani ya kawaida tu inatosha.

Hatua ya 1: ujue unashona mwaka gani

Vazi la baleti ukilichunguza utakuta ni nguo ya mjini ya enzi hizo, imepunguzwa kidogo mguu uonekane. Mfalme Louis XIV alicheza kama jua mwaka 1653 akiwa na miaka 14, kavaa dhahabu na manyoya kama alivyopendeza kuvaa mfalme yeyote wa Ufaransa. Wanawake waliokuja baadae walipanda jukwaani na magagulo ya fremu, mapana kiunoni, yaleyale ya kwenye kasri. Mchezaji Marie Camargo akapandisha pindo ili watu waone anavyochezesha nyayo, na mwaka 1734 huko London mwenzie Marie Sallé akatokea na gauni la melimeli tu, bila fremu, nywele kaziachia. Baada ya mapinduzi ya Ufaransa melimeli nyepesi ikawa ndo fasheni ya kila mwanamke wa Paris, na jukwaani ikaingia hivohivo, na taiti zikaja maana sasa kitambaa kilikuwa kinaonyesha.

Halafu tarehe 12 Machi 1832 mchezaji Marie Taglioni akacheza baleti ya La Sylphide pale Opera ya Paris. Sketi nyeupe kama kengele mpaka katikati ya muundi, kiuno chembamba, mabega wazi. Kile kiuno na yale mabega ni mtindo wa wanawake wa Paris wa mwaka uleule, ila wao mitaani walikuwa na mikono ya gauni imevimba kama mito, yeye hana. Hiyo ndo tunashona.

Sketi fupi, ile inayosimama, ni habari ya baadae, wachezaji wa Kiitaliano kama Virginia Zucchi walipoingia Urusi miaka ya 1880 na miguu yao yenye nguvu wakataka ionekane. Ile laini isiyo na waya ndani ni kazi ya fundi wa mavazi ya jukwaani Barbara Karinska, 1950. Na mwalimu akikwambia anataka baleti ya Schéhérazade, weka neti chini kabisa, ile ya mbunifu wa mavazi Léon Bakst ya 1910 ni suruali pana na rangi kali, na hapo mambo yaligeuka maana wanawake wa Paris ndo walianza kuiga jukwaa, vilemba na masuruali ya Kiarabu yakaenea mjini.

Hatua ya 2: vipimo na neti

Pima kiuno, pima nyonga, pima kutoka nyonga mpaka katikati ya muundi. Huyu binti nyonga 70, urefu 60. Neti ya dukani upana wake mara nyingi ni sentimita 150, nataka tabaka nne na kila tabaka vipande viwili vilivyoungwa, yaani mita 3 za kuvuta ziingie kwenye sentimita 70. Hesabu yake: vipande 8 mara 60 ni mita 4.8, nunua 5. Moja ya nne iwe neti ngumu kidogo, hiyo inakaa ndani kabisa ibebe wenzake, tatu ziwe laini.

Hatua ya 3: kukata

Kila tabaka la ndani liwe fupi kwa sentimita 2 kuliko la juu yake. Usikunje pindo! Neti haichanuki nyuzi, tangu John Heathcoat atengeneze mashine yake ya kusokota neti kule Uingereza, mwaka 1808 na 1809, matundu yanashikana yenyewe. Ukikunja pindo unaongeza uzito na sketi inalala badala ya kuelea.

Hatua ya 4: marinda

Hapa ndo penye kazi. Piga mshono mrefu mistari MIWILI, achia nusu sentimita katikati, vuta nyuzi zote pamoja taratibu. Mwaka wangu wa kwanza nilipiga mmoja nikaona unatosha, mtoto karuka mara ya pili tabaka la chini likamwachia mbele ya wazazi wote, akamaliza kucheza analiburuta kama mkia na mimi nimekaa mstari wa tatu nataka kuzama. Mistari miwili jamani.

Tabaka zote zishone kwenye kipande cha pamba kinachoshika nyonga, sio kwenye kiuno. Marinda yakianzia kiunoni mtoto anaonekana kama pipa.

Pasi iwe ya chini kabisa na kitambaa juu yake, nailoni inayeyuka ukiwa unaangalia hivi. Na mkiweka mapambo ya mishumaa jukwaani mimi sketi sitoi. Mchezaji Emma Livry alikuwa mazoezini huko Paris Novemba 1862, sketi yake ikagusa moto wa taa ya gesi, akafa mwaka uliofuata. Dawa ya kuzuia moto ilikuwepo, aliikataa kwa sababu ilikakamaza kitambaa na kukitia uchafu wa rangi.

Hatua ya 5: kiwiliwili

Vipande vya pembeni kata mshazari, vinavutika mtoto akipumua. Ndo alivyofanya Karinska, kabla ya hapo ilikuwa kubanwa tu. Nyuma weka kulabu za kufungia, zipu ikikwama dakika mbili kabla ya pazia utalia.

Hatua ya 6: taiti

Zile za pinki ziliwekwa zifanane na ngozi ya Mzungu, basi. Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la Wamarekani weusi, walianza kuvaa rangi za ngozi zao miaka ya 1970, na viatu vya rangi ya kahawia vya Freed, watengeneza viatu vya baleti wa London, walivyotengeneza na kundi la baleti la Ballet Black, vimetoka 2018 tu. Mimi natumia majani ya chai: sufuria ya lita 4, vijiko 10 vya majani, chemsha, chuja vizuri (usipochuja utapata madoa), tumbukiza taiti nyeupe ya nailoni iliyolowana, geuzageuza kwa mwiko. Kila dakika tano toa, iweke juu ya mkono wa mtoto mwenyewe. Ikilowa inaonekana nyeusi kuliko itakavyokuwa, kwa hiyo izidishe kidogo. Huyu wa juzi zilichukua dakika 35, na kanda za viatu nikazitia humohumo.