Rangi ya sarafu ya fedha: ya asili au ya kupikwa?

Sarafu ya fedha ikikaa miaka mingi karibu na salfa, iwe ya hewani, ya karatasi au ya kitambaa, hufunikwa na utando mwembamba wa sulfidi ya fedha. Mwanga unaorudishwa na sehemu ya juu ya utando hukutana na ule unaotoka chini yake, na unene wa utando ndio unaoamua jicho lione rangi gani. Kwa hiyo rangi ni kipimo cha unene. Hatua zote zifuatazo, za kutofautisha rangi ya asili na ya kupikwa, yaani iliyotiwa haraka na kwa makusudi, zinategemea hilo.

Hatua ya 1: Mwanga. Tumia taa moja kali na kioo cha kukuza mara 5 hadi 10. Shika sarafu ukingoni. Picha ya muuzaji haitoshi, kwani rangi hukolezwa kwa simu ndani ya sekunde chache.

Hatua ya 2: Soma mfuatano wa rangi. Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi zaidi. Utando ukinenepa polepole, rangi hufuatana: njano hafifu, dhahabu iliyokolea, nyekundu ya kahawia, zambarau, buluu, kisha samawati. Ukizidi kunenepa, njano hurudi, halafu waridi iliyokolea, na ndipo kijani hujitokeza. Anzia mahali palipo peupe na ufuatilie rangi taratibu kuelekea palipokolea. Ukivuka dhahabu na zambarau kabla ya kufika buluu, hiyo ni dalili nzuri. Ukikuta kijani kimekaa bega kwa bega na fedha tupu, bila rangi za katikati, shuku. Wapikaji hutumia joto au kemikali zenye salfa, na haraka yao huacha mabaka yenye mipaka ya ghafla, au rangi inayoelea kama mafuta juu ya maji.

Hatua ya 3: Uliza sarafu ililala wapi. Dola za Morgan za Marekani, zilizotengenezwa 1878 hadi 1904 na tena 1921, zilihifadhiwa katika mifuko ya turubai, 1,000 kwa kila mfuko. Iliyogusa kitambaa mara nyingi ilipata rangi upande mmoja, pengine na alama za nyuzi. Iliyofunikwa kwa sehemu na mwenzake hubaki na mwezi mchanga wa rangi. Za albamu za zamani za karatasi huanza kubadilika ukingoni na kuacha katikati peupe. Rangi isiyoelezeka kwa makazi yoyote inahitaji maelezo mazito kutoka kwa muuzaji.

Hatua ya 4: Chunguza kando ya maandishi. Kwenye rangi ya asili, mara nyingi kuna ukanda mwembamba uliofifia kuzunguka herufi na nyota, kwa sababu utando haukujengeka sawasawa karibu na miinuko. Ni vigumu kuuigiza. Kukosekana kwake hakutoshi kumhukumu mtu.

Hatua ya 5: Zungusha. Sarafu isiyochakaa ina miale inayozunguka unapoiinamisha chini ya taa. Miale hiyo ipite ndani ya rangi bila kukatika. Rangi inayoizima wakati bado ni nyepesi inatia shaka.

Hatua ya 6: Mikwaruzo na mabaki. Mistari myembamba inayofuata mwelekeo mmoja chini ya rangi inaonyesha sarafu ilisuguliwa kwanza, kisha ikapakwa sura mpya. Ukishuku wino au vanishi, izamishe katika asetoni safi kwenye chombo cha kioo, penye hewa na mbali na moto, bila kusugua. Sulfidi haitoki kwa asetoni; kikitoka kitu, hakikuwa sulfidi.

Shaba ina kanuni zake. Hubadilika kutoka nyekundu kwenda kahawia, na buluu kali au zambarau juu yake huniwekea shaka haraka zaidi kuliko kwenye fedha.

Kikemia, utando wa kupikwa unaweza kuwa sulfidi ileile. Tofauti ni kasi na nia. Ndiyo maana hata kampuni za kupima ubora kama PCGS na NGC huzikataa baadhi kwa rangi ya kutiliwa shaka bila kudai zimethibitisha udanganyifu. Mimi nikikuta dalili mbili mbaya, naihesabu kama sarafu ya kawaida ya aina yake, na siongezi hata senti kwa ajili ya rangi.