Kuhesabu Elektroni na Kuchora Kabonili za Teknetiamu

Kabonili ni kampaundi ambamo molekuli za CO zimeshikwa na metali. Elektroni kwanza, spektra ya infraredi pili, mchoro mwisho. Ukigeuza mpangilio huu utachora molekuli nzuri ambayo haipo.

Teknetiamu iko kundi la 7, kwa hiyo atomu yake isiyo na chaji ina elektroni 7 za valensi. Kila CO huleta 2. CO tano ni 10, jumla 17, pungufu kwa moja ya 18, idadi ambayo kabonili tulivu za metali kama hii kwa kawaida hufikisha. Ndiyo maana Tc(CO)₅ haidumu peke yake: mbili huungana kwa bondi ya Tc–Tc, kila metali ikafikisha 18, nasi tukapata Tc₂(CO)₁₀, iliyotangazwa mara ya kwanza mwaka 1961.

Kosa linalowapotezea wengi alama ni kuchanganya njia mbili za kuhesabu. Chukua TcCl(CO)₅. Kwa njia ya atomu zisizo na chaji: 7 + 1 + 10 = 18. Kwa njia ya ayoni, Tc⁺ ina 6 na Cl⁻ inatoa 2: 6 + 2 + 10 = 18. Ukipata 17 au 19, umechota namba moja huku na nyingine kule. Chagua njia moja uimalize.

Hesabu haikuambii kama kuna CO iliyoshikwa na metali mbili kwa pamoja. Hilo huulizwa infraredi, yaani spektra inayoonyesha bondi za C–O hutikisika kwa namba gani (cm⁻¹). Tc₂(CO)₁₀ ina mistari mitatu, karibu 2065, 2017 na 1984 cm⁻¹, na hakuna kitu kwenye 1700 hadi 1850, ambako CO za daraja kwa kawaida huonekana. Basi zote kumi ziko pembeni, tano kwa kila metali.

CO huru husoma 2143 cm⁻¹. Kwenye kabonili namba hii imeshuka kwa sababu metali, ikishapokea elektroni 2 kutoka kwenye kaboni, hurudisha sehemu ya elektroni zake za d kwenye obitali tupu za π* za CO (nafasi za elektroni ambazo zikijazwa hudhoofisha bondi ya C–O). Bondi ya C–O hulegea, ya Tc–C hukaza. Wanafunzi wengi huandika kwamba namba ikishuka CO inakaribia kung'oka; ni kinyume kabisa.

Sasa tengeneza modeli. Plastisini na vijiti vya meno vya Kariakoo vinatosha: tufe 2 za Tc, 10 za kaboni, 10 za oksijeni, vijiti 21. Sentimita 1 iwe pikomita 50. Pima kutoka kiini hadi kiini: Tc–Tc sm 6, Tc–C sm 4, C–O sm 2.3. Kila Tc iwe na CO nne zinazoizunguka na moja ya mwisho, kwenye mstari mmoja na Tc–Tc. Kisha zungusha upande mmoja nyuzi 45, ili CO za upande huu zikae katikati ya nafasi za upande ule. Wengi husahau hatua hii, na CO hugongana. Kwa joto la Dar, fanya asubuhi. Mchana plastisini hulainika na pembe huharibika.

Hospitalini, kama Taasisi ya Saratani Ocean Road, teknetiamu-99m, isotopu yenye mnururisho na nusu-uhai wa saa 6, hutoka kwenye jenereta (kifaa cha kuizalisha, si cha umeme) ikiwa ayoni ya TcO₄⁻. Mwaka 1998 Roger Alberto na wenzake walionyesha namna ya kuipeleka hadi [Tc(CO)₃(H₂O)₃]⁺ ndani ya maji. Hesabu: Tc⁺ 6, CO tatu 6, maji matatu 6. Ni 18 tena, na d⁶ yenye spini ndogo (elektroni sita za d zikiwa zote katika jozi) ndiyo inayofanya kiini cha Tc(CO)₃ kiwe kigumu kuvunjika huku maji yakibadilishwa kwa urahisi na ligandi nyingine, yaani molekuli au ayoni nyingine zinazoshikana na metali.

Chora CO hizo tatu kwenye uso mmoja wa oktahedroni, umbo lenye pembe sita (mpangilio huu ni isoma ya fac), kila moja ikitazamana na maji. CO mbili zikitazamana hugombania elektroni zilezile za d. Infraredi itakuhakikishia: fac hutoa mistari miwili ya C–O, mer (isoma ambayo CO mbili kati ya tatu hutazamana) mitatu.