Kuandika riwaya ya kijana wa televisheni: anza nyuma ya kamera

Miswada ninayoletewa kuhusu vijana na televisheni huanza karibu mahali pamoja. Binti anasimama mbele ya kamera, taa zinawaka, anatetemeka, halafu anang'ara. Kufika ukurasa wa ishirini ana mashabiki, na mimi nimeshasinzia. Nilifanya kazi studio miaka saba kabla sijaandika riwaya yangu ya kwanza ya vijana. Katika miaka hiyo saba nilionekana kwenye skrini mara moja tu. Kilikuwa kiwiko changu, na nilisemwa wiki nzima.

Hapa naeleza jinsi ninavyoijenga riwaya ya namna hiyo, kwa mfano mmoja ninaoufanyia kazi sasa: Mwanaidi, miaka 17, wa Mbagala, aliyepata kibarua katika kituo cha televisheni cha kubuni jijini Dar es Salaam. Wewe badilisha jina, mji na mwaka. Mpangilio wa hatua ndio nakuomba usiuchezee sana.

Hatua ya 1: Mpe kazi, usimpe umaarufu

Studio ina kazi tele ambazo mtazamaji hazijui. Yuko wa kushika waya wa kamera ili mpiga picha asijikwae anaporudi nyuma. Yuko wa kupaka poda nyuso zinazong'aa, wa kubandika maiki kifuani na kubadilisha betri zake, na enzi za kanda alikuwapo wa kuzikimbiza kutoka chumba cha uhariri dakika mbili kabla ya kipindi. Chagua moja. Iandike kwenye karatasi, na chini yake andika makosa matatu ambayo mtu wa kazi hiyo anaweza kuyafanya. Ukishindwa kuyapata makosa matatu, kazi hiyo huijui. Chagua nyingine au nenda kaulize.

Mwanaidi nilimwanzishia kwenye waya, kisha nikamhamishia kwenye promta, kile kioo kilicho mbele ya lenzi kinachomwonyesha mtangazaji maandishi ya kusoma. Mgeni hudhani mtangazaji anaifuata mashine. Ni kinyume chake. Anayeiendesha promta anasikiliza pumzi za mtangazaji, na maandishi yanapanda kwa kasi ya pumzi hizo. Akiharakisha, mtu mzima mwenye suti anaanza kubabaika mbele ya nchi nzima. Akisimamisha, anasimama. Kijana ambaye hakuna anayemwita kwa jina amekabidhiwa ulimi wa mkubwa wake. Hapo riwaya imeshaanza, na hatujamwandikia hata kisa.

Hatua ya 2: Tafuta miezi yako

Hii ndiyo hatua ninayokaa nayo muda mrefu kuliko zote, na ndiyo wengi wanairuka.

Tanzania inampa mwandishi zawadi ambayo sioni ikitumika vya kutosha: kijana aliyemaliza kidato cha nne. Mtihani umekwisha, matokeo bado, kidato cha tano kinaanza katikati ya mwaka unaofuata. Kwa miezi kadhaa si mwanafunzi na si mtu mzima. Anaosha vyombo, anatumwa dukani, anaambiwa "subiri matokeo yako kwanza" kila anapofungua mdomo. Mjomba akisema "kuna mtu namjua kituo fulani, wanataka kijana wa kusaidia", nyumba nzima inashangilia.

Lakini miezi ya mwaka gani? Usiseme "siku hizi". Mimi nilichukua kundi la waliofanya mtihani mwaka 2012, kwa sababu ndani ya miezi yao ya kusubiri yalitokea mambo mawili yanayoigusa televisheni moja kwa moja.

La kwanza: usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam. Asiyekuwa na king'amuzi, kile kisanduku cha kupokea matangazo ya dijitali, akaingia mwaka mpya na chenga. La pili: Februari 2013 yalitangazwa matokeo ya kidato cha nne, na takriban asilimia 60 ya watahiniwa walipata daraja sifuri, yaani walifeli. Nchi ilitikisika. Mei mwaka huohuo serikali ikayafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya.

Sasa tazama tarehe hizo zinavyomfanyia kazi Mwanaidi. Baba yake ni fundi televisheni. Alijifunza Unguja, ambako televisheni ya rangi ilikuwapo tangu miaka ya mwanzo ya 1970, wakati Bara tulisubiri hadi 1994. Kibanda chake kimejaa TV za chogo za watu, zile za zamani zenye mgongo mkubwa. Kuanzia Novemba wateja wanamuuliza kama wazitupe, naye anajibu mpaka koo linakauka: "TV yako haijafa, inataka king'amuzi tu." Ni kweli, chogo lilikuwa linapokea king'amuzi bila shida. Lakini kituo anachofanyia kazi binti yake kinarudia kila jioni kwamba analojia inakufa, na mteja anachosikia ni kwamba TV yake inakufa. Baba na binti wako pande mbili za tangazo moja. Ugomvi huo sikuubuni mimi, kalenda ndiyo iliyoniletea.

Kama unaandikia Kenya, Februari 2015 inakungoja: katika mvutano wa kuhamia dijitali, vituo vikubwa vya binafsi vilitoweka hewani kwa zaidi ya wiki mbili. Fikiria kijana ambaye ndiyo kwanza ameanza kazi kwenye kituo kisichorusha kitu.

Hatua ya 3: Soma sheria kabla hujampangia zamu

Watu wanacheka nikisema hivi, halafu wanarudi kunishukuru. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 inamtambua mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kuanzia miaka 14 anaweza kufanya kazi nyepesi, lakini kazi ya usiku ni marufuku, na usiku kwa sheria hiyo unaanza saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi.

Saa 2! Saa ileile muziki wa taarifa ya habari unapopigwa. Mwanaidi anaweza kuandaa kila kitu cha habari za usiku, lakini habari zenyewe zikianza anatakiwa awe ameshaondoka. Sikulazimika tena kutafuta kizuizi cha hadithi. Kila jioni msimamizi wa studio anaangalia saa ya ukutani, anamwangalia yeye, na hasemi kitu.

Kenya mlango unafungwa mapema zaidi. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumfanyisha mtoto kazi kuanzia saa 12 na nusu jioni hadi saa 12 na nusu asubuhi.

Mpe kijana wako tarehe ya kuzaliwa na uiandike juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari. Mwanaidi anatimiza 18 mwezi Machi 2013. Matokeo ni Februari. Unaona nilipomweka.

Hatua ya 4: Ingia studio mara moja, uangalie vitu vinne

Baridi: kiyoyozi kinapulizwa kwa ajili ya mitambo, si kwa ajili ya watu, na wapiga picha huvaa sweta Dar es Salaam mwezi wa kwanza. Sakafu: waya, na vipande vya karatasi ya gundi vinavyoonyesha mtu asimame wapi. Vidole vya msimamizi: anahesabu kwa sauti "tano, nne, tatu", kisha mbili na moja anazionyesha kwa vidole tu, kwa sababu maiki zimeshafunguliwa. Na chini ya meza ya mtangazaji. Huko chini usiniulize, nenda kaangalie mwenyewe.

Ukikataliwa kuingia, mtafute mtu aliyestaafu. Wastaafu wa studio wanapenda kusimulia kuliko wavuvi.

Hatua ya 5: Gawa ukurasa kwa mstari

Chora mstari katikati ya karatasi. Kushoto andika kinachoonekana kwenye skrini. Kulia andika kinachotokea muda uleule nje ya picha. Tukio la riwaya linazaliwa pale pande hizo mbili zinapogombana. Zikikubaliana, huna tukio, una taarifa.

Huu ni mwanzo wangu wa kwanza kabisa, ambao niliutupa:

*Mwanaidi alisimama katika studio kubwa iliyojaa taa. Moyo ulimdunda. Hakuamini kwamba ndoto yake ilikuwa imetimia.*

Hakuna mstari wa katikati hapo. Baada ya kuugawa ukurasa nikapata huu:

*"Dogo, waya."*

*Mwanaidi aliuinua, akarudi nyuma hatua mbili pamoja na kamera. Mbele yake Bwana Kitwana, koti na tai juu ya meza, kaptura na ndala chini yake, alikuwa akiwaeleza watazamaji kwamba ikifika saa sita usiku televisheni isiyo na king'amuzi itabaki chenga.*

*"Kwa hiyo mtazamaji, usisubiri dakika za mwisho," akasema, akatabasamu.*

*Nyumbani kulikuwa na televisheni kumi na nne za watu. Wenyewe walikuwa wameacha kuja kuzichukua.*

*Taa nyekundu ikazimika. "Nani kanywa chai yangu?" akauliza Bwana Kitwana.*

Si kamilifu. Lakini waya, ndala, baba na chai vimeingia bila mtu kueleza anajisikiaje.

Hatua ya 6: Sikiliza nani anamwita nani vipi

Studio ya Dar ina ngazi zake, na zimejificha kwenye salamu. Mwanaidi akiingia anasema "Shikamoo anko" kwa kila aliyemzidi kidogo, naye anaitwa "dogo" au "mdogo wangu", au haitwi kabisa, anapigiwa vidole. Bwana Kitwana anaitikia "marahaba" bila kuinua macho kwenye simu. Mpiga picha anamtania. Mama wa poda anamwita "mwanangu" na ndiye pekee anayemuuliza kama amekula.

Weka alama kwenye mswada kila anapoitwa kwa jina lake. Kwangu ni mara tatu tu kwa riwaya nzima, na kila mara kuna kitu kimebadilika. Ukihamishia hadithi Nairobi usiisafirishe hiyo shikamoo. Kule haitembei hivyo, na msomaji wa huko atajua huna mwenyeji.

Hatua ya 7: Kilele kiwe ndani ya kazi yake

Sasa hatari kubwa. Siku ya matokeo imefika. Mwandishi anatamani Mwanaidi anyakue maiki aiambie nchi ukweli. Usithubutu! Hilo hutokea kwenye riwaya mbaya tu. Kwenye studio halisi kamera ingekatwa kabla hajamaliza jina lake.

Rudi hatua ya 1. Kazi yake ni promta. Saa 1 na nusu jioni anayapitia maandishi ya habari na kuiona asilimia 60 kabla watu wengi mtaani kwao hawajaisikia. Ya kwake hajayaangalia. Mwendeshaji wa zamu ya usiku amekwama kwenye foleni, saa ya ukutani inaelekea saa 2, msimamizi anamwangalia, na safari hii hatazami mlango.

Anabaki. Bwana Kitwana anasoma. Akifika kwenye tarakimu ile, Mwanaidi anaondoa kidole. Maandishi yanasimama. Bwana Kitwana ananyamaza, macho yake yakitafuta mstari unaofuata, sekunde tatu. Televisheni yetu inapitisha picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo nchi imetazama picha 75 za mtu asiye na la kusema. Halafu kidole kinarudi.

Kitendo chote ni hicho. Nilikiandika mara kumi na moja, na kila mara niliposhindwa ni kwa sababu nilikuwa nimeongeza neno.

Kuhusu Mei na yale matokeo kupangwa upya: yatumie kwenye sura ya mwisho ukitaka, lakini yasiwe ya kumwokoa. Afadhali yamkute anafanya kitu kingine, mathalani anamshikia baba tochi nyuma ya chogo la mtu.

Hatua ya 8: Wape wawili wasome

Mmoja awe na umri wa mhusika wako. Asome mbele yako, kwa sauti, nawe utie alama pale anapoanza kuharakisha. Hapo pana maelezo ya studio yaliyozidi, kata. Sura zangu hazivuki kurasa kumi, na neno la ufundi nalieleza mara moja tu, kwa kitendo.

Wa pili awe mtu wa studio. Mimi nilimpelekea mpiga picha mmoja mstaafu, mzee wa maneno machache. Nilikuwa nimejenga sura ya tisa yote juu ya kisa kimoja: wakati wa matangazo ya biashara Mwanaidi anaiona taa nyekundu ya kamera, anajua wako hewani, anaziba mdomo wa Bwana Kitwana kabla hajatukana. Nilijivunia sana sura ile.

Mzee aliurudisha mswada baada ya wiki tatu, msafi, isipokuwa pembeni ya ukurasa mmoja alikoandika kwa penseli: "Matangazo yakipita, kamera haiko hewani, na taa haiwaki. Sasa huyu mtoto aliona nini?"

Niko kwenye sura ya tisa tena.